Kabla ya kununua waya, jaribu mbegu

MKULIMA wa Mbulu au Hanang akiambiwa kwamba waya wa 'ethi' huharakisha uotaji wa mbegu, anaweza kupata ukweli kabla ya kutoa fedha mfukoni. Njia ni kufanya jaribio mwenyewe.

Madai ya umeme kustawisha mimea si mapya. Mwishoni mwa karne ya 19, Profesa Selim Lemström wa Finland alitandaza nyaya za umeme juu ya mazao na kudai mavuno yameongezeka. Mwaka 1918 Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza suala hilo. Ilipofunga kazi mwaka 1936, ilikuwa haijaona faida ya uhakika kwa mkulima.

Kuhusu 'ethi', mbegu iliyofukiwa shambani tayari imegusana na ardhi. Kwa hiyo jaribio lifanyike kwenye madumu ya plastiki yaliyokatwa, manane, yakiwekwa juu ya meza kavu ya mbao. Kila moja litiwe udongo uleule, mbegu 50 za mfuko mmoja na maji kwa kipimo kimoja.

Kwa kura, manne yaunganishwe kwa waya na nondo iliyopigiliwa ardhini. Manne mengine yawekewe waya usiofika ardhini. Anayehesabu asijue yapi ni yapi. Waya usiunganishwe kamwe na umeme wa nyumbani.

Hesabu ya mwisho ya mahindi ni siku ya saba, ngano ya nane na maharage ya tisa. Tofauti ya mbegu nne au tano kwa kila 100 yaweza kuwa bahati tu. Jaribio lirudiwe kabla ya kuamua.

Hata waya usipobadili kitu, kazi haijapotea, kwani mkulima amejua ubora wa mbegu yake. Zikiota 80 kati ya 100, kilo 10 zinafanya kazi ya kilo nane. Aongeze mbegu au atafute nyingine. Zikiota nusu tu, ni afadhali kujua mapema kuliko kurudia kupanda mvua ikiwa imeshapita.

Muuza pembejeo naye hulinda jina lake kwa kujaribu mbegu iliyokaa ghalani kabla ya kuiuza, na kwa kuuza mifuko yenye lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI).