Muswada, Ridhaa na Seli: Istilahi za Kuwasilisha Makala ya Utafiti

1. Utangulizi

Neno muswada likitajwa Dodoma, mawazo ya wengi huelekea Bungeni. Muswada wa sheria husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, husomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupita katika Kamati ya Bunge Zima, husomwa mara ya tatu, na hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Lakini katika jiji hilo hilo upo muswada wa aina nyingine, ambao nao hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kupewa jina jipya. Huo ni muswada wa mtafiti anayetaka kazi yake ichapishwe katika jarida la sayansi.

Miswada hii miwili ina asili moja. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake linahusu weusi: ni karatasi iliyokwisha kutiwa weusi wa wino lakini bado haijanakiliwa safi. Kwa hiyo muswada, uwe wa sheria au wa sayansi, ni andiko lililokamilika machoni pa mwandishi wake ila bado linasubiri kauli ya wengine. Ukipitishwa na Bunge na kukubaliwa na Rais, huitwa sheria. Ukipitishwa na mhariri, huitwa makala.

Kusudi letu ni kuieleza safari ya muswada wa sayansi, hasa wa baiolojia ya seli, na kupendekeza istilahi zinazofaa kwa kila hatua. Huenda msomaji akauliza: ikiwa majarida hayo huandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili kina kazi gani hapo? Jibu letu ni hili. Muswada uliotokana na damu ya mwananchi wa Tanzania huwa na ukurasa mmoja ambao kwa kawaida mhariri wa ng'ambo hauoni. Ukurasa huo ni fomu ya ridhaa, nayo husomwa kwa Kiswahili. Neno moja likipotoka katika fomu hiyo, sentensi moja katika muswada huwa si ya kweli, hata kama mwandishi hakukusudia kudanganya.

2. Seli, chembe na kiini

Mwaka 1665 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome la mti kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vilivyopangana. Akaviita kwa neno la Kilatini linalomaanisha chumba kidogo, kama vyumba vya watawa. Mwaka huo huo Henry Oldenburg alianzisha mjini London jarida la Philosophical Transactions, ambalo ni miongoni mwa majarida ya kwanza ya sayansi duniani. Basi neno la seli na desturi ya kuchapisha utafiti katika majarida ni marika.

Katika Kiswahili dhana hii imetajwa kwa maneno kadhaa: seli, chembe, chembechembe, chembe hai, na pengine kiini. Kila moja lina mahali pake, na kila moja lina hatari yake.

Tuchukue mfano wa mzazi mkazi wa Kizota, kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, ambako kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mzazi huyu akiambiwa kwamba mtafiti anataka kuangalia chembe za mwanawe, neno hilo kwake ni punje ya mtama au ya mahindi. Akiambiwa chembechembe za damu, ataelewa vizuri zaidi, kwa kuwa watumishi wa afya wamelizoesha neno hilo kwa miaka mingi. Lakini akiambiwa seli peke yake, huenda akakumbuka selo ya polisi. Wala hatakuwa amekosea sana, maana maneno hayo mawili yanatokana na chumba kile kile cha Kilatini.

Neno kiini halifai kabisa kwa maana hii. Kiini ni sehemu ya katikati, kama kiini cha yai. Kwa sababu hiyo limekwisha kuchukuliwa kutaja kile kilichomo ndani ya seli, yaani kiini cha seli. Mfasiri akiliita jumba kiini, atakosa jina la chumba cha ndani.

Pendekezo letu ni kwamba neno seli litumike katika maandishi yote ya kitaalamu, na kwamba fomu za wananchi zilitumie pamoja na maelezo yake ya kwanza: "seli, yaani chembechembe hai zinazojenga mwili." Neno selimundu linatuonyesha kwamba njia hiyo inafaa. Mwaka 1910 daktari Mmarekani James Herrick alichapisha maelezo ya mgonjwa ambaye seli zake za damu zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Kiswahili kiliunganisha seli na mundu, zana ambayo mkulima anaijua tangu utoto, na leo mzazi mwenye mtoto mgonjwa hulitamka neno hilo bila mkalimani. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoko Dodoma, ilipoanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, habari hiyo iliweza kutangazwa kwa Kiswahili kitupu. Istilahi zilikuwa tayari.

3. Ridhaa, idhini na kibali

Maneno haya matatu hutumiwa ofisini kana kwamba ni kitu kimoja, nayo si kitu kimoja.

Kibali hutolewa na mamlaka. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, hutoa kibali cha kufanya utafiti nchini. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979, hutoa kibali cha maadili, na humtaka mtafiti apate ruhusa yake kabla ya kuchapisha matokeo.

Idhini hutolewa na mwenye dhamana juu ya mtu au mahali. Mkuu wa shule huidhinisha wanafunzi wapimwe. Mganga mfawidhi huidhinisha mafaili yasomwe.

Ridhaa hutoka moyoni mwa mshiriki mwenyewe, au kwa mzazi ikiwa mshiriki ni mtoto. Asili yake ni kuridhika. Mtu hawezi kuridhia jambo asilolielewa. Ndiyo maana Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, limelipa jambo hili uzito mkubwa. Kibali cha Tume hakiwezi kuwa badala ya ridhaa ya mzazi wa Kizota, wala idhini ya mwenyekiti wa mtaa haiwezi.

Sasa tutazame sentensi ambayo majarida hudai iwemo katika muswada: kwamba washiriki wote walitoa ridhaa baada ya kuelezwa. Mtafiti huiandika kwa nia njema. Lakini tuseme fomu ya Kiswahili ilisema tu, "Tutachukua damu kwa ajili ya uchunguzi." Mzazi alielewa kwamba mtoto anapimwa ugonjwa na kwamba majibu atapewa kesho yake. Mtafiti alikusudia kuzihifadhi seli hizo miaka mingi na kuzitumia katika tafiti ambazo hazijabuniwa bado. Hapo hakuna ridhaa. Ipo saini tu. Aidha, katika nchi ambamo hadithi za mumiani zimesimuliwa kwa vizazi, maneno "kuchukua damu" yasiyofuatiwa na kiasi, sababu na mwisho wake huamsha hofu ambayo haikuwa na haja ya kuamshwa. Ni bora kuandika: "Tunaomba kijiko kimoja kidogo cha damu," kisha kueleza itakakokwenda, itakaa muda gani, na kwamba mzazi anaweza kukataa bila mtoto kunyimwa matibabu.

4. Sehemu za muswada na kuuwasilisha

Muswada wa utafiti huwa na sehemu zilizozoeleka. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakapatana juu ya utaratibu wa kuandaa miswada, nao umeendelea kurekebishwa. Kwa kawaida huanza ikisiri, ambayo ni maelezo mafupi ya kazi nzima. Hufuata utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, na marejeo. Majedwali na vielelezo hupewa namba na maelezo yake. Ikisiri isichanganywe na muhtasari wa kikao, ambao huandika yaliyosemwa na nani. Ikisiri hutoa hoja na matokeo.

Muswada huwasilishwa, hautumwi tu. Kutuma ni kazi ya posta au ya mtandao, ambao siku hizi ndio njia ya kawaida. Kuwasilisha ni kuuweka mbele ya mwenye mamlaka ya kuupokea, kama waziri anavyowasilisha hoja. Pamoja nao huenda barua ya kuwasilishia, inayomweleza mhariri umuhimu wa kazi hiyo, na tamko kwamba muswada haujawasilishwa kwa jarida jingine wakati huo huo. Waandishi hutamka pia kama wana mgongano wa maslahi.

Mmoja wa waandishi hupokea na kujibu barua zote za jarida. Wapo wanaomwita mwandishi mkuu, nasi tunaona jina hilo linapotosha, kwa kuwa huenda aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ni mwingine. Twapendekeza mwandishi wa mawasiliano.

5. Mpitiaji si mwamuzi

Mhariri akiona muswada unafaa kuendelea, huupeleka kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, ambao majina yao mara nyingi hufichwa. Baadhi ya wafasiri wamewaita waamuzi, kwa kufuata neno la kigeni linalotumika pia katika michezo. Lakini mwamuzi wa kandanda akipuliza kipenga, mambo yamekwisha. Mtaalamu wa jarida hana kipenga. Yeye hushauri, mwenye kuamua ni mhariri. Kumwita mhakiki nako kuna taabu, maana neno hilo limekaa katika fasihi. Kwa hiyo twapendekeza mpitiaji, na kazi yake iitwe mapitio ya wataalamu wenza. Mapitio rika, ambayo yamekwisha kuanza kutumika, ni mafupi zaidi, ila rika hukumbusha umri, na hapa kinacholinganishwa ni ujuzi.

Majibu ya mhariri huwa ya namna nne: kukubaliwa, kurudishwa kwa marekebisho madogo, kurudishwa kwa marekebisho makubwa, na kukataliwa. Tofauti kati ya kurudishwa na kukataliwa ni kubwa, na mwalimu anayewafundisha watafiti vijana hana budi kuisisitiza. Muswada uliorudishwa bado uko hai, na watafiti wengi hukata tamaa hapo bure. Mwenye kurudishiwa hujibu hoja za wapitiaji moja baada ya nyingine, akionyesha alichobadilisha, na akieleza kwa adabu asichokubaliana nacho.

6. Kurekebisha na kughushi picha

Katika baiolojia ya seli picha ndiyo ushahidi. Mwaka 2002 Journal of Cell Biology, jarida la Marekani, lilianza kukagua picha za kila muswada uliokubaliwa kabla ya kuuchapa, baada ya kuonekana jinsi ilivyo rahisi kuzibadilisha kwa kompyuta. Kanuni yake inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kuongeza mwanga wa picha nzima kwa kiasi kinacholingana, bila kuficha chochote, ni kurekebisha. Kufuta, kuhamisha au kuingiza kitu ndani ya picha ni kughushi. Kiswahili cha mahakamani kimekwisha kutupatia neno hilo kwa hati na saini; halina sababu ya kulegezwa linapofika maabara.

Kosa likigunduliwa baada ya kuchapishwa, jarida husahihisha makala au huyatangua. Kuondoa muswada ni tendo la mwandishi kabla ya kuchapishwa, kama Serikali inavyoweza kuuondoa muswada wake Bungeni. Kutangua ni kutamka hadharani kwamba makala yaliyokwisha kuchapishwa hayategemewi tena.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Muswada: andiko la utafiti kabla ya kukubaliwa na jarida.
Makala: andiko hilo baada ya kukubaliwa na kuchapishwa.
Ikisiri: maelezo mafupi ya utafiti yanayotangulia makala.
Barua ya kuwasilishia: barua inayofuatana na muswada.
Mwandishi wa mawasiliano: mwandishi anayejibizana na jarida.
Mpitiaji: mtaalamu anayeusoma muswada na kumshauri mhariri.
Mapitio ya wataalamu wenza: kazi ya wapitiaji.
Ridhaa: kukubali kwa mshiriki aliyeelezwa akaelewa.
Idhini: ruhusa ya mwenye dhamana juu ya mtu au mahali.
Kibali: ruhusa ya mamlaka ya nchi.
Kutangua makala: kutamka kwamba makala yaliyochapishwa hayategemewi.

8. Hitimisho

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Muswada wa sayansi haujafika hapo, na kwa sasa mtafiti wetu atauandika kwa lugha ambayo jarida linaitaka. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia kuandaa ikisiri ya Kiswahili pamoja na ile ya Kiingereza, na kuirudisha kule damu ilikotoka. Mzazi wa Kizota aliyetia saini fomu anastahili kusoma kilichoonekana katika seli za mwanawe, kwa maneno yale yale aliyoelezwa alipoombwa. Yakiwa ni yale yale kweli, tutajua kwamba fomu ilitafsiriwa sawasawa. Wafasiri, walimu na watumishi wenye mapendekezo bora kuliko haya wanaombwa wayalete, ili istilahi zetu nazo zipate wapitiaji wake.