Gego Dogo Linapohamishiwa Mahali pa Jino la Mbele

Mtoto wa miaka 10 au 11 anapopoteza jino la mbele la juu kwa ajali, tiba yake huwa na ugumu usiokuwapo kwa mtu mzima, kwa kuwa taya lake bado linakua. Jino bandia linalosimikwa juu ya skrubu ya titani hushikana na mfupa na kubaki palepale, ilhali meno ya jirani huendelea kushuka pamoja na mfupa wake, hata baada ya miaka michache jino hilo huonekana fupi na limezama.

Jino hai la mtoto mwenyewe, likihamishwa kutoka sehemu nyingine ya kinywa na kupandikizwa mahali hapo, halina kasoro hiyo. Slagsvold na Bjercke, madaktari wa meno wa Oslo ambao mwaka 1974 walichapisha matokeo ya kazi yao, walihamisha magego madogo, yaani meno yanayofuata chonge, ambayo mara nyingi hung'olewa na kutupwa ili kupata nafasi ya kupanga meno yaliyosongamana.

Mafanikio ya upasuaji huu hutegemea zaidi utando wa nyuzi na seli unaozunguka mzizi, ambao unene wake ni takriban robo ya milimita tu. Utando huo ukikauka au ukichubuka, mfupa huula mzizi taratibu na kuchukua nafasi yake, na jino likishagandamana na taya haliwezi tena kusogezwa kwa waya. Kwa sababu hiyo daktari hulishika jino kwenye taji pekee, yaani sehemu inayoonekana nje ya ufizi, na siku hizi wapo wanaochapisha kwanza nakala ya plastiki kutokana na eksirei ya pande tatu, wakaitumia kupimia tundu jipya, ili jino lenyewe likae nje ya kinywa kwa dakika chache kadiri iwezekanavyo.

Wakati nao ni muhimu. Mzizi unapofikia theluthi mbili hadi robo tatu ya urefu wake, ncha yake ingali wazi, mishipa ya damu huweza kuingia upya na mzizi ukaendelea kukua. Ncha ikishafunga, kwa kawaida jino huhitaji kutibiwa mzizi.

Baada ya miezi kadhaa jino husogezwa kwa waya kama meno mengine, kisha taji lake hupewa umbo la jino la mbele kwa risini ya rangi ya meno. Utafiti wa Czochrowska na wenzake wa mwaka 2002, uliochunguza meno yaliyohamishwa miaka 17 hadi 41 kabla, ulikuta takriban asilimia 90 yangali kinywani, muda ambao ni vifaa bandia vichache vinavyoweza kuufikia.

Hata hivyo gego lililoondolewa huacha pengo lake, nalo lazima lizibwe kwa kusogeza meno ya jirani. Ndiyo maana mpangaji meno na daktari wa upasuaji hulazimika kukubaliana kuhusu jino litakalohamishwa kabla jino lolote halijang'olewa.