Goti la Mwanasoka Mstaafu

Huenda, msomaji, unamfahamu mwanasoka wa zamani aliyerudi nyumbani Salama, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na sasa hawezi hata kuchuchumaa. Usimwambie ni uzee tu. Kano za goti zikikatika ujanani, au gegedu likichanika, mifupa huweza kuanza kusagana miaka kumi au ishirini baadaye.

Hapo ndipo penye taabu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia kwa wanaoumia kazini humpa mwajiriwa miezi 12 tangu siku ya ajali awasilishe dai lake. Goti nalo halijaanza kulia.

Ndiyo maana wastaafu hutaka kusikizwa mikataba inapojadiliwa. Huko Marekani, wachezaji wa zamani wa NFL (ule mpira wao wa kubebwa mikononi) walikwenda kortini mwaka 2011 wakidai washirikishwe. Kesi haikufaulu, lakini mapatano ya mwaka huo yaliwatengea waliocheza kabla ya 1993 dola milioni 620 za pensheni.

Kwetu kuna KEFWA, chama cha maslahi ya wanasoka. Ikiwa ungali unacheza, kiulize chama hicho mkataba wako unasemaje kuhusu matibabu baada ya kustaafu. Na kila picha ya eksrei, kila barua ya daktari, iweke.