"NIPE MJI": UJENZI WA ULIMWENGU WA KUBUNI KWA USHIRIKIANO, KUTOKA KITENDAWILI HADI MUKURU KWA REUBEN

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna watu wengi wanavyoshirikiana kuubuni ulimwengu mmoja kwa maneno, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina mbinu na msamiati wa kale unaoihusu kazi hiyo. Kinachochochea maelezo haya ni michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambayo siku hizi huchezwa pia kwa njia ya intaneti na watu wasiowahi kuonana ana kwa ana. Vitabu vingi vya kanuni za michezo hiyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuieleza kwa Kiswahili hujikuta akisanifu istilahi papo hapo, kana kwamba jambo lenyewe halijapata kuonekana katika Afrika ya Mashariki.

Mfano mkuu unachukuliwa kutoka Mukuru kwa Reuben, mtaa wa nyumba za mabati ulio kusini-mashariki mwa jiji la Nairobi, karibu na Mto Ngong na Eneo la Viwanda. Sababu ya kuuchagua mtaa huu itadhihirika baadaye: huko suala la nani ana haki ya kuubuni mji, na kwa ridhaa ya nani, si la mchezo tu.

2. Mchezo unaozungumzwa

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuenea, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Katika mchezo huo mtu mmoja huwa msimamizi. Yeye hueleza mahali na yanayotokea, na kila mmoja wa wenzake husema mhusika wake anafanya nini. Linapotokea jambo la shaka, dadu hutupwa ili kuamua. Hakuna jukwaa, wala mavazi, wala matini iliyokaririwa. Hadithi hutungwa na kutendwa kwa wakati mmoja, na anayeisikiliza ndiye anayeitunga.

Kwa desturi ya mwanzo, ulimwengu wa mchezo ulikuwa milki ya msimamizi. Wachezaji waliingia ndani yake kama wageni. Baadaye ilitokea michezo iliyougawa uwezo huo. Katika Microscope, uliotungwa na Ben Robbins na kuchapishwa mwaka 2011, wachezaji hubuni historia ndefu pamoja. Kwanza hukubaliana mambo yatakayoruhusiwa na yatakayokatazwa, kisha kila mmoja kwa zamu yake huongeza kipindi, tukio au onyesho. Wakati wa zamu ya mtu, wengine hawaruhusiwi kumshawishi. Katika The Quiet Year, wa Avery Alder, uliotolewa mwaka 2013, wachezaji huchora ramani ya jamii iliyonusurika maangamizi, na kila karata moja ni wiki moja ya mwaka. Mchezaji hujibu swali la karata, kisha huchagua kugundua jambo jipya, au kuanzisha kazi, au kuitisha baraza. Baraza hilo lina kanuni ya ajabu: kila mtu husema sentensi moja au mbili tu, na hakuna uamuzi unaopitishwa.

Tangu miaka ya 2010 michezo hii imehamia pia katika intaneti. Roll20, iliyoanza mwaka 2012, huwapa wachezaji walio mbalimbali meza moja ya kuonekana kwenye kiwambo, yenye ramani na dadu. Lakini chombo hicho hakibadilishi kiini cha jambo. Ulimwengu wa kubuni wa ushirikiano husimama juu ya nguzo tatu: zamu, yaani nani aseme na lini, ridhaa, yaani lipi likubaliwe kuwa kweli, na kumbukumbu, yaani yaliyokubaliwa yawafunge wote baadaye.

3. Mji wa kitendawili

Vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika shule za sekondari nchini Kenya hutaja hatua za uwasilishaji wa kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira hujibu, "Tega!" Kitendawili hutegwa, kwa mfano, "Nyumba yangu haina mlango," na wasikilizaji hujaribu kukifumbua. Wakishindwa, mtegaji husema, "Nipe mji." Hupewa mji, tuseme Mombasa au Kisumu. Aweza kuukubali, au akaukataa na kudai mwingine mpaka aupate unaomridhisha. Akiisha kuukubali, huusafiri kwa maneno: alikwenda huko, akapokewa vizuri, akala hiki na kile, akaonyeshwa mambo, ndipo atoapo jibu, kwamba ile nyumba ni yai.

Nguzo zote tatu zimo humu. Zamu imewekwa kwa fomula. Ridhaa ni ya pande mbili, kwa kuwa hadhira ndiyo itoayo mji na mtegaji ndiye aukubaliye. Hakuna awezaye kujitwalia mji mwenyewe, wala hakuna awezaye kumlazimisha mwenziwe kuupokea asioutaka. Kumbukumbu ni fupi, lakini ipo, kwani mtegaji akiwa Mombasa hawezi kusema kwamba amekwea Mlima Kenya bila kuchekwa.

Yafaa itambuliwe kwamba mji unaotolewa ni wa kweli kwa jina tu. Mtoto asiyepata kuiona bahari huweza kuifika Mombasa ya kitendawili, akaijaza mitaa, vyakula na wenyeji anaowajua yeye. Jina hutoka katika ramani, lakini mji wenyewe hutoka katika kinywa cha msimulizi na masikio ya wenzake.

Hapa pana dosari katika ukusanyaji wa fasihi simulizi. Mikusanyo mingi ya vitendawili iliyochapishwa huorodhesha fumbo upande mmoja na jibu upande wa pili. Sehemu ya mji huachwa, labda kwa sababu hubadilika kila mara na haiwezi kuwekwa katika jedwali. Matokeo yake ni kwamba kilichohifadhiwa ni kile kisichobadilika, na kilichopotea ni usanii wenyewe. Ni sawa na mtu kuziandika kanuni za bao asiuandike hata mchezo mmoja uliochezwa.

4. Kalongo na sarufi ya kubuni

Mji wa kitendawili hudumu kwa dakika chache. Ulimwengu unaodumu zaidi hupatikana katika mchezo wa watoto uitwao kalongo au kalongolongo mjini Nairobi, ambao kwingineko huitwa mchezo wa baba na mama. Watoto hujenga nyumba kwa matambara na maboksi, hupika matope katika makopo, na hugawana nafasi: baba, mama, mtoto, mwenye duka. Mchezo waweza kuachwa jioni na kuendelezwa kesho yake pale ulipoachiwa.

Kwa mwanaisimu, lililo muhimu ni maumbo ya vitenzi. Nafasi huombwa kwa kitenzi kinachoishia kwa -e. Katika Kiswahili cha Nairobi mtoto husema, "Wacha nikuwe mama, na wewe ukuwe baba," ambapo Kiswahili sanifu kingetaka "niwe" na "uwe". Umbo hilo si taarifa, ni pendekezo, na laweza kukataliwa. Likishakubaliwa, hugeuka kuwa taarifa: "Mimi ni mama." Kuanzia hapo hakuna anayeomba tena, na mwenye kupinga huambiwa kwamba anaharibu mchezo. Na mambo yakishatendeka, husimuliwa kwa -li- na -ka-, kama mtegaji asimuliavyo safari yake: nilikwenda, nikapokewa, nikala.

Basi kuna ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya -e, ambapo ulimwengu unaombwa. Ya pili ni ya "ni" na -na-, ambapo ulimwengu unakubaliwa kuwapo. Ya tatu ni ya -li- na -ka-, ambapo ulimwengu umepata historia. Mchezo wa mezani hupanda ngazi hizo hizo, uchezwe kwa lugha yoyote ile. Kinachokipandisha kitenzi kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili si nguvu ya msemaji, bali ni kukubali kwa wasikilizaji.

5. Mukuru: mji ulioombwa kwa -e

Mukuru kwa Reuben ni wadi katika eneo bunge la Embakasi Kusini, na hupakana na Mukuru kwa Njenga na Viwandani. Majina haya yenyewe yana funzo. "Viwandani" limeundwa kwa kiambishi cha mahali -ni, na hutaja kilichopo. "Kwa Reuben" na "Kwa Njenga" hutaja mtu: mahali pamefungwa katika jina la mmoja, ilhali maelfu wanaopakaa hawatajwi. Na sheria imekuwa na mwelekeo huo huo, kwani sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru imo mikononi mwa wenye hati ambao si wakazi wake.

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Tangazo hilo lilihusu Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, eneo la ekari zaidi ya 600 lenye kaya zipatazo 100,000. Wakazi waliunganishwa katika vikundi vidogo vya kaya kumi kumi, na vikundi hivyo katika vikubwa zaidi, ili maoni yapande kutoka mlangoni hadi kwa wataalamu wa mipango. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, ulikuwa miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo pamoja na vyuo vikuu na mashirika mengine.

Kilichofanyika katika mikutano ya namna hiyo, kwa upande wa lugha, ni ujenzi wa ulimwengu usiokuwapo. Barabara ipite hapa. Choo kisiwe mbali na nyumba. Maji yafike mlangoni. Vitenzi ni vya -e, na kila kimoja kina gharama yake. Upana wa barabara ulikuwa suala zito, kwa sababu katika mtaa uliosongamana kiasi hicho kila mita ya barabara ni chumba cha mtu. Anayesema "ipite hapa" huenda anasema "nyumba yako iondoke", na mwenye nyumba yumo kikundini, anasikia.

Jiji la Nairobi limeona pia mchezo wa kiwambo ukitumiwa kwa kazi ya namna hii. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat na kampuni ya Mojang zilianzisha mradi wa Block by Block, ambao hutumia mchezo wa Minecraft ili wakazi waijenge sura ya mahali pao kwa matofali ya kubuni kabla ya ujenzi wa kweli. Uwanja wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo.

Mapendekezo mengine ya Mukuru yamepanda ngazi. Kuanzia mwaka 2020 baadhi ya barabara zilijengwa chini ya Nairobi Metropolitan Services, chombo kilichoundwa mwaka huo na kumaliza muda wake mwaka 2022. Lakini mwishoni mwa mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa katika Mukuru kwa Njenga, ndani ya eneo lile lile lililopangwa na wakazi. Huko kitenzi kilipandishwa kwa tingatinga, bila ya wasikilizaji kuulizwa.

6. Mipaka ya ulinganisho

Yaweza kupingwa kwamba mambo haya hayalingani. Kitendawili ni burudani, kalongo ni ya watoto, mchezo wa mezani una kitabu cha kanuni, na mpango wa mji ni hati ya serikali. Pingamizi hili lina uzito. Katika mchezo, aliyechoka huondoka na kwenda zake, na ulimwengu ukivunjika hakuna anayelala nje. Mkazi wa Mukuru hana kutoka kwa namna hiyo. Tena baraza la The Quiet Year laweza kumalizika bila uamuzi na mchezo ukaendelea, lakini baraza la barabara halina budi kuamua.

Hata hivyo tofauti hizo ni za matokeo, si za muundo. Muundo ni mmoja: mapendekezo kwa zamu, ridhaa, na kumbukumbu inayowafunga wote. Na kwa kuwa matokeo ni mazito zaidi katika mji wa kweli, ndipo nguzo ya ridhaa inapohitaji kulindwa zaidi. Wanaochezea meza wanaijua kanuni hii na kuiheshimu, hata kwa ajili ya mji wa hewani.

7. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, istilahi za michezo hii zitafutwe katika mapokeo kabla ya kusanifiwa upya. "Mji" waweza kuwa jina la ulimwengu wa kubuni ulioridhiwa na kundi. "Kutoa mji", "kukubali mji" na "kukataa mji" yakawa majina ya hatua zake. Msemaji wa Kiswahili hatahitaji kufafanuliwa maneno hayo, kwa maana aliyajua tangu utotoni.

Pili, wakusanyaji wa vitendawili wairekodi sehemu ya mji kwa ukamilifu: nani aliutoa, nani aliukataa, msafiri aliona nini huko, na wasikilizaji walimkosoa wapi. Kazi hii inafaa ianzie katika mitaa kama Mukuru kwa Reuben, ambako watoto wa Kikamba, Kikisii, Kiluyia, Kiluo na Kikikuyu hucheza pamoja kwa Kiswahili na Sheng, na ambako nyumba waliyomo leo huenda isiwepo kesho. Mji anaoutaka mtoto wa huko, anapoambiwa achague, ni ushahidi ambao hakuna hati ya ardhi inayouhifadhi.