Mtoto aliyekataliwa melini, na askari jela aliyembeba hadi London

Novemba 1786, mama mmoja aitwaye Susannah Holmes alifikishwa Plymouth, kusini mwa Uingereza, akiwa chini ya ulinzi. Alikuwa amempakata mwanawe Henry, mtoto wa miezi michache aliyezaliwa gerezani. Nahodha wa meli kuukuu iliyogeuzwa jela alitoa uamuzi wake: mama apande, mtoto abaki. Amri aliyokuwa nayo ilihusu wafungwa tu, na mtoto hakuwa mfungwa.

Mama alilia na kusihi, lakini haikusaidia. Mtoto aliondolewa mikononi mwake.

Walifikaje hapo?

Susannah alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika jimbo la Norfolk. Mwaka 1784 alipatikana na hatia ya kuiba nguo, mashuka na vijiko vya fedha. Zama hizo wizi wa namna hiyo uliweza kumfikisha mtu kitanzini, naye alihukumiwa kunyongwa. Baadaye adhabu ilipunguzwa ikawa kupelekwa ng'ambo kwa miaka 14.

Katika gereza la Norwich alikutana na Henry Kable. Huyu alikamatwa mwaka 1783 kwa kuvunja nyumba, pamoja na baba yake mzazi na mwenzao mmoja. Wote watatu walihukumiwa kifo. Baba na yule mwenzao walinyongwa, kijana akasamehewa roho yake.

Gerezani humo wawili hao walipendana na kupata mtoto. Henry aliomba ruhusa ya kumuoa Susannah, akakataliwa. Agizo la kumpeleka Susannah Plymouth lilipofika, Henry aliomba aende naye. Hilo nalo likakataliwa.

Askari jela asiyenawa mikono

Aliyewasindikiza wafungwa hadi Plymouth alikuwa askari jela wa Norwich, John Simpson. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Angeweza kumwacha mtoto kwa watu wa parokia na kurudi zake nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala yake alipanda gari la farasi na mtoto mapajani, akasafiri zaidi ya kilomita 300 hadi London. Njiani alimlisha na kumtunza kadiri alivyoweza. Alipofika alikwenda moja kwa moja kumtafuta Lord Sydney, waziri aliyehusika na mambo ya wafungwa. Alizuiwa, lakini hakuondoka. Alimvizia waziri akishuka ngazi, akamsimulia habari yote.

Waziri aliguswa. Aliagiza mtoto arudishwe kwa mama yake, na Henry naye atolewe Norwich awafuate. Simpson akaanza safari nyingine ya kuwakutanisha watatu hao.

Magazeti yaliandika habari hiyo, na watu waliosoma wakachanga fedha, kiasi cha pauni 20. Zilinunuliwa nguo, vitabu na mahitaji mengine ya kuanzia maisha, vikafungwa na kupakiwa melini.

Miezi minane baharini

Mei 13, 1787, meli 11 ziling'oa nanga zikiwa na wafungwa zaidi ya 700. Safari ilipitia Rio de Janeiro na Cape Town, ikachukua miezi minane. Huko Cape Town wanawake wa meli waliyopanda akina Kable walihamishiwa meli nyingine ili kupisha kondoo. Susannah na mtoto wakatenganishwa tena na Henry, hadi walipofika Australia Januari 1788.

Februari 10, 1788, Henry na Susannah walifungishwa ndoa na mchungaji Richard Johnson. Walikuwa miongoni mwa jozi tano za kwanza kuoana katika koloni hilo jipya.

Ndipo walipoulizia mzigo wao. Isipokuwa vitabu vichache, haukuonekana.

Wafungwa wamshtaki nahodha

Kwa sheria ya Uingereza, mtu aliyehukumiwa kifo, hata akisamehewa roho, hakuwa na haki ya kufungua kesi. Hata hivyo Henry na Susannah walimshtaki Duncan Sinclair, nahodha wa meli iliyobeba mzigo. Hawakujua kuandika, wakaweka alama ya msalaba mahali pa saini.

Mahakama iliwasikiliza Julai 1788, ikaamua nahodha awalipe pauni 15. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza ya madai katika koloni hilo, na walioshinda ni wafungwa wawili.

Maisha yao hayakuwa ya kitabu cha dini. Henry alipanda cheo hadi kuwa mkuu wa polisi, akafukuzwa mwaka 1802 kwa kuingiza nguruwe kinyume cha taratibu. Kisha alitajirika kwa biashara ya meli na ngozi za sili, akagombana na washirika wake mahakamani, na baadaye akahamia mji wa Windsor. Susannah alizaa watoto zaidi ya kumi, akafariki mwaka 1825. Henry aliishi hadi 1846.

Upande wa pili nao usisahaulike. Ardhi waliyojengea maisha ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1789, mwaka mmoja tu baada ya meli kufika, ndui iliwaua wenyeji wengi kandokando ya bandari ya Sydney. Nao walikuwa wazazi, na hakuna waziri aliyewasikiliza ngazini.

Jina la familia

Hadi mwaka 1868, Uingereza ilikuwa imewapeleka Australia wafungwa wapatao 162,000. Kwa vizazi vingi familia zilificha habari hizo. Watoto hawakuambiwa babu alifikaje nchini. Siku hizi wengi huzitafuta kwenye kumbukumbu za serikali na kuzisimulia bila aibu. Uzao wa Kable ni mkubwa, na habari za Susannah zinajulikana vizuri.

Kwa mzazi mwenye siri ya namna hiyo nyumbani, labda ndugu aliyefungwa au babu aliyeharibu jina, familia hii ina la kufundisha. Watoto hukua vizuri na ukweli wanaoupata kwa wazazi wao kuliko ule wanaousikia kwa majirani. Na mtoto hana kesi ya kujibu kwa kosa la mzazi wake. John Simpson alilijua hilo, ndiyo maana hakumwacha Plymouth.