ALIKATAA FEZA, AKACHAGUA KRISTO



Katika miji yetu ya migodi kuna neno moja ambalo kijana analisikia akiisha kupata kazi yake ya kwanza. Labda wamemuweka kwenye mizani, pale wanapopima magunia ya wachimbaji. Labda amepata kiti katika biro. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili unapita, na jioni moja mjomba anamwambia mbele ya watu wote: « Mwana, benzako banajenga manyumba, weye uko naimba tu mu kanisa. »

Wote wanacheka. Lakini kijana anakosa usingizi usiku ule, maana amesikia vizuri. Mjomba anataka kusema: umupunguzie mchimbaji kilo zake, ufunge macho, uandike uongo, ukamate matabishi, na sisi tupate sehemu yetu.

Mwezi huu tunawaletea habari ya kijana mmoja wa nchi yetu. Yeye pia alisikia neno la namna hiyo. Alijibu hapana, na jibu lake lilimgharimu maisha.

Kijana wa Goma

Jina lake ni Floribert Bwana Chui Bin Kositi. Alizaliwa Goma katika mwezi wa sita wa mwaka 1981. Alisoma sheria katika universite. Akingali mwanafunzi aliingia Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei Wakatoliki kilichoanza Roma mwaka 1968. Watu wa jumuiya hiyo wanasali pamoja na wanafanya urafiki na maskini. Floribert alijitoa zaidi kwa watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma wanawaita maibobo. Watu wengi wanawafukuza kama wezi. Yeye alikaa nao, akawasaidia ili wapate masomo.

Msifikiri kama alikuwa mtu asiyetaka kuendelea. Alitafuta kazi nzuri na akaipata katika Office Congolais de Contrôle, ofisi ya serikali inayochunguza vitu vinavyoingia katika nchi na vinavyotoka. Alikuwa na mchumba, na walikuwa wakitayarisha maisha yao. Masomo, kazi, ndoa: alikuwa na yote ambayo wazazi wanayaombea watoto wao.

Mzigo wa chakula kibovu

Goma iko kwenye mpaka wa Rwanda, na vyakula vingi vya mji vinapita pale. Kazi ya Floribert ilikuwa kuangalia kama vyakula vile vinafaa kuliwa. Katika mwaka 2007 alikuta mzigo ulioharibika. Wenye kuuleta walitaka upite. Wakamletea feza. Alikataa. Wakaongeza, wakambembeleza, wakamsukuma. Alikataa tena.

Mama yeyote mwenye kupika anajua kama chakula kilichooza kinaleta magonjwa. Lakini si wote wanaojua kama kuvu inayoota katika nafaka inaweza kuacha sumu ambayo maji ya moto hayaiondoi. Unaosha, unapika, chakula kinanukia vizuri, na sumu inabaki, inaharibu maini pole pole. Na nani ananunua chakula cha bei ya chini kabisa sokoni? Si tajiri. Ni mama wa watoto saba, na ni yule maibobo anayeokota sahani ya mwisho.

Floribert alijua sura zao. Kwake, karatasi ile waliyotaka aitie sahihi ilikuwa na watu ndani yake. Rafiki zake wameshuhudia kama alijiuliza swali moja tu: ninaishi katika Kristo ao hapana? Kama ninaishi ndani yake, feza hizi siwezi kuzipokea.

Tarehe 7 ya mwezi wa saba 2007 watu walimkamata, wakamchukua. Kiisha siku mbili mwili wake ulipatikana, na ulionyesha mateso aliyoteswa. Alikuwa na miaka 26.

Kanisa likamkumbuka

Tarehe 2 ya mwezi wa pili 2023, Papa Fransisko alisema na vijana na makatekista katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa. Aliwapa mfano wa Floribert. Aliwaonyesha kama kijana huyu angeweza kufunga macho, hakuna mtu angejua, na angepata faida. Lakini kwa sababu alikuwa Mkristo, alisali na aliwafikiri wengine.

Tarehe 15 ya mwezi wa sita 2025 Floribert alitangazwa Mwenye Heri na mfiadini. Misa ilifanyika Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Goma, mji wake, ulikuwa umekamatwa na waasi wa M23 tangu mwezi wa kwanza wa mwaka ule.

Na sisi, je?

Tunasikia mtu mmoja anasema: « Ile ni mambo ya batakatifu. Miye niko na batoto, na mushahara haitoshe. » Ndugu, hatucheki neno lako. Katika miji yetu tumeona baba waliokaa miezi mingi pasipo mshahara, na watoto waliorudishwa shuleni. Kutafuta maisha si zambi. Kusoma, kupanda cheo, kujenga nyumba, vyote ni vyema.

Lakini tuulize vizuri: feza hii inatoka mfukoni mwa nani? Kilo unazozipunguza kwenye mizani ni jasho la mtu aliyeshuka katika shimo asubuhi, na shimo lingeweza kumfunika. Mtoto wake pia anangojea kula. Bwana Yesu alituuliza faida gani mtu anapata akishinda dunia nzima na kupoteza roho yake (Marko 8,36). Mara nyingi hawatuletei dunia nzima. Wanatuletea dola makumi mawili tu, na roho inakwenda kwa bei ile.

Enyi wazazi, neno hili ni lenu pia. Kijana anaweza kuwa na nguvu ya kumkatalia mchuuzi, lakini akose nguvu ya kumkatalia mjomba wake. Mtoto wenu akirudi na mshahara wake tu, mumpokee na furaha. Msimlinganishe na jirani aliyejenga upesi. Mkimcheka leo kwa sababu ya mikono yake safi, kesho mtalia na nani akifungwa?

Na wewe kijana, usingoje siku ya mzigo mkubwa. Floribert hakuanza kusema hapana mbele ya mzigo ule. Alianza mapema, kwa sala na kwa urafiki na wale watoto ambao hawakuwa na kitu cha kumlipa. Anza leo na jambo dogo: rudisha feza iliyozidi, andika kilo za kweli. Ukiulizwa kwa nini, jibu bila aibu: « Miye niko wa Kristo. »

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa

1. Katika nyumba yetu, tunamsifu mtu kwa mali yake ao kwa ginsi aliyoipata?
2. Nani anateseka wakati sisi tunapokea matabishi?
3. Tufanye nini ili kijana anayekataa uovu asibaki peke yake?