Pipa la mashine ya kufulia, jiko la kubeba ufuoni

Idi pili ya mwaka jana tulikwenda ufuoni jamii nzima, kama ada. Vijana wakachimba shimo mchangani, wakakoka moto wa kuni za mvinje, wakachoma mishkaki na changu. Magharibi ilipokaribia wakaufukia ule moto kwa mchanga na kila mtu akaona kazi imekwisha. Haikupita nusu saa, mtoto wa jirani yetu, umri wake miaka mitano, akapita papo hapo miguu mitupu akikimbilia mpira. Nyayo zote mbili zilibabuka. Alikaa majuma mengi akibebwa.

Kosa halikuwa la mtoto. Mchanga hauzimi kaa. Unalifunika na kulinyima hewa, na kaa lililonyimwa hewa haliishi upesi, bali huendelea kuiva polepole kwa masaa, na mchanga wa juu yake nao hushika moto. Mtoto akiuona moto hukaa mbali nao. Huu hakuna wa kuuona.

Tangu siku hiyo nilitaka moto ulioinuliwa kutoka chini, unaobebeka kwenye buti la gari au nyuma ya tuktuk. Seredani ya nyumbani ni ndogo kwa watu thelathini. Pipa la mafuta lililopasuliwa nusu ni zito, na kwa hewa yetu ya chumvi huoza kwa kutu upesi. Fundi mmoja wa jua kali ndiye aliyenionyesha pipa la ndani la mashine ya kufulia nguo, lile linalozunguka na nguo zikiwa ndani. Nimelitumia mwaka mzima sasa, nami naona faida kuwaeleza wenzangu linavyotengenezwa, maana nimeona vijana mitaani wanayatengeneza kwa namna inayotia hofu.

Uzuri wake ni huu. Mapipa mengi ya mashine hizo ni ya chuma kisichoshika kutu, kile mafundi wanachokiita stenlesi, kwa sababu yameundwa kukaa na maji na sabuni miaka nenda miaka rudi. Tena yana matundu madogo mamia kwa mamia pande zote. Matundu hayo yaliwekwa ili maji yatoke, lakini ukiwasha moto ndani yanaingiza hewa kutoka kila upande, kuni zinawaka vizuri na moshi unapungua. Wengine hulijaribu pipa kwa sumaku na kulikataa likinasa. Jaribio hilo halitoshi, kwani ziko aina za stenlesi zinazonasa sumaku na hutumika sana kwa mapipa haya. Tazama badala yake kama limeshika kutu mahali lilipokwaruzwa.

Kulipata si tabu. Mashine za mitumba zimejaa pwani hii, na nyingi hufa beringi au mota huku pipa likiwa zima. Mafundi wa friji na mashine huwa nazo nyuma ya duka, na wauza vyuma chakavu pia. Bei hutegemea uzani na ulimi wako. Ukinunua kwa muuza chuma chakavu, nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Biashara hiyo ina sheria yake tangu 2015, na Januari 2022 Serikali iliisimamisha nchi nzima kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Usinunue chuma cha usiku.

Sasa kazi yenyewe. Hakikisha mashine haijaunganishwa na umeme, na usiguse kile kikopo kidogo cha kapasita kilichofungwa karibu na mota, kwani huweza kuhifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Mwachie fundi umeme akitoe. Mashine ya mlango wa mbele ukiifungua utakuta beseni kubwa la plastiki, na pipa liko ndani yake. Mgongoni pipa limeshikwa na chuma chenye mikono mitatu kama nyota, kilichobeba ekseli. Nyota hiyo mara nyingi ni ya alumini, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiacha kwa kuwa inaonekana kama mguu tayari. Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi, na moto wa kuni ukipata upepo hufika hapo. Ifungue. Bolti zake huwa zimeganda, basi zitie mafuta uziache usiku kucha kabla ya kuzijia na spana. Katika mashine nyingine nyota imekunjiwa ndani ya bati, hapo itabidi grenda, na grenda ni kazi ya glavu nzito na miwani ya kukinga macho, si ya kanda mbili na fulana.

Ndani ya pipa kuna mapezi ya plastiki, kwa kawaida matatu, yanayogeuza nguo. Yatoe yote. Kama mashine ni ya kufunguliwa juu, mdomoni kuna pete kubwa ya plastiki, nyingi zikiwa na maji ya chumvi ndani ya kuliweka pipa sawa linapozunguka. Nayo itoke. Plastiki isibaki hata kipande, wala mpira, kwa kuwa moshi wake ni sumu na utakipaka chakula. Kingo zote zilizokatwa zipigwe tupa mpaka upitishe kidole bila kukatika.

Miguu ni rahisi. Pale mikono ya nyota ilipofungwa mara nyingi hubaki mashimo matatu, na miguu mitatu hukaa vizuri kuliko minne mahali pasipo sawa. Mimi nilikata vipande vya nondo, nikampa fundi avichomelee kwenye bolti. Kitako kisimame shubiri moja juu ya ardhi au zaidi. Chini yake tandika trei kuukuu ya oveni idake majivu na vijikaa vinavyodondoka. Ukitaka mishikio, funga vishikizo viwili vya chuma ubavuni, lakini ujue vitawaka moto kama pipa lenyewe.

Wavu wa kuchomea ndio mahali pa kuwa makini zaidi, na kama utaisahau makala hii yote, shika hili. Usitumie rafu ya friji. Inafanana kabisa na wavu wa nyama, inaingia vizuri mdomoni mwa pipa, na ndiyo ninayoiona kila mahali. Rafu hizo, hasa za friji za zamani, huweza kuwa zimepakwa kadimiamu au zinki, na nyingine zina ngozi ya plastiki. Zikipata moto, madini hayo yanapanda na moshi na kushika samaki wako. Kadimiamu huharibu figo. Tumia vile vyuma vizito vya jiko la gesi lililokufa, vinavyokaa chini ya sufuria, au nunua wavu wa stenlesi. Friji kwa jumla iache. Mabomba yake yana gesi, za friji mpya mara nyingi ni gesi inayolipuka, na za zamani zikipita motoni hugeuka sumu. Vilevile mabati na bolti zilizopakwa zinki zisikae ndani ya moto. Moshi wake humtia mtu homa na kutetemeka usiku huohuo, ugonjwa ambao wachomeleaji wetu wanaujua vizuri.

Kabla ya kupika chochote, washa moto mkali nje kwa saa nzima uunguze grisi na sabuni iliyoganda. Pipa litabadilika rangi, liwe la dhahabu na kibuluu. Hilo si kasoro.

Kuhusu cha kuchoma, pwani tumejaliwa. Vifuu vya nazi huwaka kwa joto kali na kuacha kaa zuri. Makumbi yana moshi, lakini jioni penye mbu watu huutaka. Mvinje mkavu ni kuni safi. Kuni zilizookotwa majini ziache, maana chumvi iliyozishiba ikipata joto hula hata stenlesi, na moshi wake si mwema. Mbao za mashua zenye rangi ziache kabisa, kwani rangi za chini ya mashua hutiwa sumu makusudi ili chaza wasigande. Na mkoko haukatwi ovyo. Ukihitaji sababu, waulize wavuvi samaki wadogo wanalelewa wapi.

Lina aibu zake pia. Kwa wingi wa matundu, pipa hili hula makaa upesi, na kusi ikivuma mishkaki huungua nje na kubaki mibichi ndani. Mimi hukinga nusu ya upande wa upepo kwa bati tupu lisilo na zinki. Cheche nazo huruka kwa juu, basi usiliweke karibu na banda la makuti, hata ukiambiwa upepo umelala. Sote tunajua makuti yakishika hakuna ndoo inayotosha. Mahali penye hifadhi ya bahari waulize walinzi kwanza kama moto unaruhusiwa.

Wala lisiingizwe ndani ya nyumba, hemani au garini likiwa na makaa, hata yanapoonekana yamekufa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Mvua ikija ghafla, watu ndio wakimbilie ndani, pipa libaki nje.

Kuzima ni kwa maji. Simama upande upepo unakotoka, mwaga kidogo kidogo maana mvuke unachoma, koroga kwa kijiti kirefu, mwaga tena mpaka lisitoe sauti. Kisha ngoja mpaka uweze kuweka kiganja ubavuni. Majivu na makaa tunayarudisha nyumbani ndani ya debe lenye kifuniko, hatufukii. Na mahali trei ilipokaa tunapamwagia ndoo moja ya mwisho, kwa kuwa mchanga wa chini yake nao hupata moto.

Mtu akiungua, tia sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Siku ile sisi tulimpaka mtoto dawa ya meno, na daktari alilazimika kuikwangua kwanza ndipo aone jeraha.